Neno Lisilo Tusi: Kuripoti Unyanyasaji wa Kiswahili katika Mitandao ya Kijamii

Makala haya yanaeleza jinsi utaratibu wa kuripoti mwenendo usiofaa katika mitandao ya kijamii unavyompokea mlalamikaji anayetumia Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba tatizo kubwa haliko katika tafsiri ya vitufe, bali katika kukosekana kwa nafasi ya mlalamikaji kueleza ni kwa nini neno fulani limemdhuru.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Mtumiaji hubonyeza alama ya nukta tatu kando ya chapisho, huchagua kuripoti, kisha huteua sababu moja katika orodha iliyokwisha kuandaliwa: unyanyasaji, chuki, uchi, utapeli na nyinginezo. Taarifa huchujwa na kompyuta, na baadhi tu humfikia mkaguzi binadamu. Facebook haimwambii aliyeripotiwa ni nani aliyemripoti. WhatsApp nayo hupokea jumbe tano za mwisho za anayeripotiwa bila kumwarifu. Usiri huu una uzito katika jamii zetu, ambamo mtu huchelea kuitwa mchongezi. Kiswahili hutofautisha kushtaki, kusemea, kuchongea na kutoa taarifa, na kila kitenzi hubeba hukumu juu ya msemaji. Ripoti halina hukumu hiyo, ila kwa wengi ni waraka wa ofisini.

Ugumu huanza pale dhara lisipokuwa tusi. Tuchukue neno madoadoa. Katika kamusi ni alama ndogondogo zilizotapakaa juu ya kitu, kama za ngozi ya chui. Katika siasa za Bonde la Ufa nchini Kenya, limetumika kwa watu wa jamii zinazohesabiwa kuwa za wageni, na wito wa "kuondoa madoadoa" hukumbusha ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliua zaidi ya watu 1,100. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki, pamoja na kwekwe na mende. Hilo la mwisho halihitaji maelezo kwa msomaji wa Rwanda, ambako inyenzi, yaani mende, lilitumiwa dhidi ya Watutsi kabla ya mauaji ya kimbari ya 1994 na wakati wake.

Hata hivyo, orodha haitoshi. Mkulima anayeuliza dawa ya kwekwe hana kosa. Kinachotofautisha kauli mbili ni nani anasema, wapi, na katika msimu gani, mambo ambayo aliyeripoti anayajua na fomu haimwulizi.

Pwani jambo hili ni gumu zaidi. Mtu akiweka picha ya kanga yenye jina la kijembe chini ya picha ya mwanamke aliyeachika juzi, hakuna neno la kufuta. Walengwa wameelewa, mkaguzi haoni kitu. Wala si kila kijembe kiondolewe: mipasho ya taarabu ni sanaa, na utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ungesomeka kama chuki machoni pa asiyeujua. Maelezo ya mlalamikaji yangemlinda anayeumizwa, na vilevile mtani asiye na hatia.

Uwezo wa mifumo kusoma Kiswahili ulipimwa mwaka 2022, kabla ya uchaguzi wa Kenya. Shirika la Global Witness pamoja na Foxglove waliwasilisha kwa Facebook matangazo yenye chuki ya wazi, kwa Kiingereza na Kiswahili. Ya Kiswahili yaliidhinishwa. Baadhi ya yale ya Kiingereza yalikataliwa kwanza kwa sababu ya sarufi na lugha chafu. Yaliposahihishwa, nayo yakapita. Kwa mwanaisimu, kisa hiki kinatosha kuonyesha mashine inakagua umbo, si maana. Miezi michache baadaye, Januari 2023, kampuni ya Sama ilitangaza kuacha kazi ya ukaguzi wa maudhui iliyokuwa ikiifanyia Facebook jijini Nairobi.

Sheria zipo: Tanzania ya 2015 na Kenya ya 2018 zote zinatambua unyanyasaji wa mtandaoni kuwa jinai. Lakini kifungu cha 23 cha sheria ya Tanzania kinagusa nia ya mtendaji, na nia haithibitiki kwa chapisho lililokwisha kufutwa. Ndiyo maana mwathirika hushauriwa kuhifadhi picha ya skrini yenye tarehe na jina la akaunti kabla ya kubonyeza kitufe.

Kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Februari 2021, wadhibiti wa mawasiliano wa nchi wanachama wanaweza kwa pamoja kuzidai kampuni mambo mawili: kisanduku cha maelezo huru ndani ya fomu, kinachosomwa na mjuzi wa Kiswahili cha eneo husika, na jibu lenye sababu kwa lugha aliyotumia mlalamikaji. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ingeanza kwa kusawazisha istilahi tatu ambazo leo hutumiwa kiholela: uonevu, unyanyasaji na udhalilishaji.