Je, Wajua? Sauti Isiyo na Mwenyewe

Je, wajua kwa nini mtu hawezi kujitekenya? Ubongo unapoamuru vidole visogee, papo hapo huipa habari ile sehemu yake inayopokea mguso. Mguso ukifika, unakuta umeshatarajiwa, kicheko hakiji. Mwaka 2000 Sarah-Jayne Blakemore na wenzake, London, waliwapima wagonjwa wa akili wanaosikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Mkono wao wenyewe uliwatekenya sawasawa na mkono wa mtu mwingine!

Wanasayansi wengi wanadhani sauti wanazosikia wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili, hutokea kwa njia hiyohiyo: ubongo hushindwa kutarajia tendo lake wenyewe. Kila mtu husema kimoyomoyo. Maneno hutungwa upande wa mbele wa ubongo, kwa kawaida kushoto, na husikilizwa upande wa karibu na sikio. Kati ya pande hizo mbili kuna nyuzi za neva. Mawasiliano yakilegalega, wazo lako hukufikia kama neno la mgeni. Mwaka 1949 daktari Louis Gould aliripoti kwamba alikuza kwa maikrofoni minong'ono ya mgonjwa wake: ilifanana na maneno aliyodai anaambiwa.

Anayesema ni nani? Huenda hilo hutegemea umelelewa wapi. Mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann aliwahoji wagonjwa 20 California, 20 Accra (Ghana) na 20 Chennai (India). Wamarekani walisimulia zaidi matusi na amri za ukatili. Accra wengi walimsikia Mungu, Chennai mara nyingi ndugu zao. Kwa Wasukuma wa Shinyanga, Tanzania, ambako masamva, yaani wahenga, huweza kumwita mjukuu kwa ndoto na maradhi, si ajabu familia ikaanzia kwa mganga. Kwangu hilo si kosa, mradi safari ya hospitali isicheleweshwe miaka.

Na zebaki ya wachimbaji dhahabu wa Geita, nayo huleta sauti? Hiyo ni habari nyingine. Mchimbaji mdogo anapochoma dhahabu iliyochanganywa na zebaki kwenye kikaango, mvuke wa zebaki huingia mapafuni na kufika ubongoni. Huleta mtetemo wa mikono, usahaulifu, hasira za ghafla. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa kule Rwamagasa, Geita, mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliwakuta wachomaji ndio walioathirika zaidi. Haloperidoli, dawa ya kawaida ya skizofrenia, nayo hutetemesha mikono. Kwa hiyo mgonjwa wa huko akitetemeka, daktari ana sababu ya kumuuliza anafanya kazi gani kabla ya kuilaumu dawa.