Riba ya Kodi Iliyozidi Nchini India: Kweli au Si Kweli?

Tuchukue mfano wa mfanyakazi mmoja wa Pune, India. Mwajiri alimkata kodi ya rupia laki moja kwa mwaka. Hesabu ya mwisho ikaonyesha alidaiwa elfu sitini tu, kwa hiyo elfu arobaini zake zilikuwa mikononi mwa serikali bila sababu. Aliwasilisha ritani tarehe 1 Julai, ndani ya muda, na fedha zikamfikia tarehe 10 Februari. Je, anadai nini zaidi ya zile elfu arobaini?

Swali hilo limewafikisha walipakodi hadi Mahakama ya Juu ya India, na mengi yanayosemwa juu yake hayasimami mbele ya sheria. Tuyapime moja moja, kwa kufuata kifungu cha 244A cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 1961, ambacho ndicho kilichoibua sehemu kubwa ya ubishi huu.

"Riba ni hisani ya serikali."
Si kweli. Kifungu hicho, kinachohusu kodi za kuanzia mwaka wa makadirio (yaani mwaka unaofuata ule wa mapato) 1989-90, kinasema mlipakodi anastahili riba juu ya kilichozidi. Mwaka 2014, katika kesi ya Tata Chemicals, serikali ilikubali kurudisha kodi ambayo kampuni ilikata kwenye malipo yaliyohusu mafundi wa kigeni na kuiwasilisha, ila ikakataa riba. Hoja yake ilikuwa kwamba kampuni hiyo ni mkataji tu wa kodi. Mahakama ya Juu iliikataa hoja hiyo. Aliyekaa na fedha asizostahili kuwa nazo huzirudisha pamoja na fidia ya muda aliozitumia, hata kama ni serikali.

"Usipoomba riba, hupati."
Si kweli. Ofisa anapoidhinisha marejesho, kukokotoa riba ni wajibu wake. Akiisahau, au akiikokotoa pungufu, mlipakodi anaweza kuomba masahihisho chini ya kifungu cha 154. Muda wake ni miaka minne tangu mwisho wa mwaka wa fedha ambao uamuzi ulitolewa. Wengi huiacha haki hii ipotee kwa sababu wakishaona fedha zimeingia, hawaisomi karatasi iliyokuja nazo.

"Riba huanza kuhesabiwa siku ulipowasilisha ritani."
Si kweli kwa kila mtu, na hapa ndipo penye ugomvi mkubwa. Kwa kodi ya zuio, na kwa kodi iliyolipwa kwa awamu ndani ya mwaka, hesabu huanza tarehe 1 Aprili ya mwaka wa makadirio, mradi ritani imewasilishwa kwa wakati. Iliyochelewa huhesabiwa tangu siku ilipowasilishwa.

Turudi kwa mtu wetu wa Pune. Kiwango ni nusu asilimia kwa mwezi, na kipande cha mwezi huhesabiwa mwezi mzima. Kuanzia 1 Aprili hadi 10 Februari ni miezi 11, yaani asilimia 5.5. Kwa elfu arobaini, anadai rupia 2,200. Ofisa akianzia Julai, miezi inakuwa 8 na riba inashuka hadi 1,600. Hakuna aliyegusa kiwango cha riba. Tarehe moja tu imekosewa na rupia 600 zimetoweka. Kwa kampuni inayodai mamilioni kwa miaka kumi, kosa la namna hiyo ni mali ya kufungulia kesi.

"Kila marejesho yana riba."
Si kweli. Kwa kodi ya zuio na ya awamu, kilichozidi kikiwa chini ya asilimia 10 ya kodi halisi, riba hailipwi. Kwa mtu wetu aliyedaiwa elfu sitini, marejesho ya elfu tano yangekuja matupu, hata yangecheleweshwa.

"Serikali hulipa kwa kiwango kile kile inachotoza."
Si kweli. Mlipakodi akichelewa, hutozwa asilimia 1 kwa mwezi. Serikali ikichelewa, hulipa nusu yake, na hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu Septemba 2003. Sheria imeruhusu, lakini naamini ni dhuluma. Muda wa mwananchi una thamani sawa na muda wa hazina.

"Riba ikicheleweshwa, nayo huzaa riba."
Wengi waliliamini hili baada ya kesi ya Sandvik Asia ya mwaka 2006. Kampuni hiyo, nayo ya Pune, ilicheleweshewa riba yake kwa miaka 12 hadi 17. Mahakama ya Juu iliwakemea maofisa na kuipa kampuni fidia ya asilimia 9 kwa mwaka. Lakini mwaka 2013, katika kesi ya Gujarat Fluoro Chemicals, jopo la majaji watatu lilieleza kwamba ile ilikuwa fidia ya ucheleweshaji uliopita kiasi. Kinachodaiwa ni riba iliyoandikwa ndani ya sheria, basi. Kwa hiyo, leo si kweli. Ahueni iliyopo ni kwamba tangu 1 Juni 2016 kuna nyongeza ya asilimia 3 kwa mwaka ofisa anapopitisha muda aliowekewa wa kutekeleza uamuzi wa rufani.

"Ukichelewesha jambo wewe mwenyewe, unapoteza riba yote."
Si kweli. Kinachoondolewa ni kile kipindi ulichosababisha wewe. Miezi mingine inabaki yako.

"Riba hii nayo hutozwa kodi."
Kweli. Zile elfu arobaini si mapato mapya, ni fedha zake zilizorudi. Lakini zile 2,200 ni mapato, na lazima aziandike kwenye ritani yake. Asipoandika, aliyekuwa mdai anageuka mdaiwa, tena kwa kile kiwango cha asilimia 1.

Kwa hiyo, karatasi ya marejesho ikifika, usiishie kwenye jumla iliyoandikwa chini. Tafuta tarehe ambayo ofisa ameanzia kuhesabu na tarehe aliyokomea, kisha hesabu miezi kwa vidole vyako. Dawa ya deni ni kulipa, na deni la serikali kwa mtu wa Pune halijalipwa hadi zile 600 nazo zimfikie.