Cape Town: mlima, bahari na mitaa iliyogawanywa

Mgeni anayefika Cape Town kwa mara ya kwanza huuona mlima kabla hajauona mji. Table Mountain, yaani Mlima wa Meza, una urefu wa mita 1,086 kutoka usawa wa bahari, na kilele chake ni bapa kana kwamba kimekatwa kwa msumeno. Pembeni yake vimesimama vilele vya Devil's Peak na Lion's Head, na katikati ya kuta hizo za mawe na maji ya Bahari ya Atlantiki ndipo ulipobanwa mji mkongwe kuliko yote iliyoanzishwa na Wazungu nchini Afrika Kusini. Uzuri wa mandhari hiyo huwavuta watalii kutoka kila pembe ya dunia. Hata hivyo, mlima huohuo ndio unaoeleza kwa nini mitaa ya Cape Town imekaa ilivyokaa, nani aliishi karibu na kilele, na nani alisukumwa mbali nacho.

Maji yaliyoleta mji

Chanzo cha mji ni chemchemi. Mvua na ukungu unaotua juu ya mlima hushuka kupitia nyufa za miamba na kutoka chini yakiwa maji matamu. Wakoikoi, wafugaji waliokuwa wakichunga mifugo yao katika eneo hilo, waliyajua maji hayo muda mrefu kabla ya wageni. Tarehe 6 Aprili 1652, Jan van Riebeeck alitia nanga hapo kwa niaba ya Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India. Lengo lilikuwa kuanzisha kituo cha kuzipatia maji, mboga na nyama meli zilizokuwa zikienda Asia. Bustani ya kampuni hiyo bado ipo katikati ya mji, na ngome ya mawe, iliyojengwa kati ya mwaka 1666 na 1679, ndilo jengo kongwe zaidi la kikoloni nchini humo ambalo lingali limesimama.

Leo wageni wengi hupanda mlimani kwa gari la waya lililoanza kazi mwaka 1929. Tangu mwaka 1997 sakafu za vibanda vyake huzunguka polepole vinapokuwa njiani, ili kila abiria aone pande zote. Safari huchukua takriban dakika tano, lakini upepo wa kusini mashariki unapovuma kwa nguvu huduma husimamishwa. Upepo huo, ambao wenyeji huuita Daktari wa Rasi kwa kuamini kwamba husafisha hewa ya mji, ndio pia unaotandaza wingu jeupe juu ya kilele mithili ya kitambaa cha meza.

Bo-Kaap na urithi wa watumwa

Kwenye mteremko wa Signal Hill, kilima ambacho mzinga hulia juu yake saa sita mchana kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu, upo mtaa wa Bo-Kaap. Nyumba zake zilizopakwa rangi ya waridi, kijani, manjano na buluu ni miongoni mwa picha zinazojulikana zaidi za Cape Town. Wakazi wake wa asili walikuwa watumwa, wafungwa wa kisiasa na mafundi walioletwa kutoka visiwa vya Indonesia, India, Sri Lanka, Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki, pamoja na wazao wao.

Katika mtaa huo ndipo ulipoanzishwa, mwaka 1794, Msikiti wa Auwal, wa kwanza nchini Afrika Kusini. Imamu wake wa kwanza alikuwa Tuan Guru, mwanachuoni kutoka kisiwa cha Tidore ambaye Waholanzi walimfunga katika kisiwa cha Robben, na ambaye anakumbukwa kwa kuiandika Kurani yote kwa kumbukumbu ya kichwa. Katika karne ya 19, Waislamu wa hapo walikiandika Kiafrikana kwa herufi za Kiarabu, kama Waswahili walivyokuwa wakiiandika lugha yao.

Mwaka huohuo wa 1794, mwezi Desemba, meli ya Kireno iitwayo São José ilizama karibu na ufuo wa Clifton, upande wa pili wa kilima hicho. Ilikuwa imetoka Kisiwa cha Msumbiji ikielekea Brazil, ikiwa na watumwa zaidi ya 400. Zaidi ya 200 walikufa maji, na walionusurika wakauzwa tena huko Rasi. Mabaki ya meli yalitambuliwa hadharani mwaka 2015, na wazamiaji wakamwaga juu yake udongo uliotolewa na chifu wa Wamakua wa Msumbiji, jamii ambayo pia ina watu wake kusini mwa Tanzania. Leo nyumba zinazotazama maji hayo ni miongoni mwa zile za bei ghali kabisa barani Afrika.

Mtaa uliofutwa

Upande wa mashariki wa katikati ya mji, chini ya Devil's Peak, kuna viwanja vitupu vilivyoota nyasi. Hapo palikuwa District Six, mtaa uliopata jina lake mwaka 1867 ulipotangazwa kuwa wilaya ya sita ya mji. Waliishi humo Waislamu na Wakristo, Wayahudi, Wahindi, Waafrika na watu ambao sheria iliwaita Machotara. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya ubaguzi wa rangi ililitangaza eneo hilo kuwa la Wazungu peke yao. Watu zaidi ya 60,000 waliondolewa na nyumba zao zikabomolewa kwa matingatinga. Makanisa na misikiti ndiyo iliyoachwa.

Waliohamishwa walipelekwa Cape Flats, uwanda wa mchanga ulio mbali na mlima, ambako upepo haukingwi na kitu na mvua za kipupwe hufurika majumbani. Kwa wengi, safari ya kwenda kazini, iliyokuwa mwendo wa miguu, ikawa ya basi au treni yenye nauli ya kila siku. Majirani wa miaka mingi walitawanywa katika vitongoji tofauti. Bo-Kaap ilinusurika kwa kuwa sheria hiyohiyo iliitenga kwa ajili ya Waislamu walioitwa Wamalay. Wengine walilazimika kuhama.

Jumba la Makumbusho la District Six, lililofunguliwa mwaka 1994 katika kanisa la zamani la Kimethodisti, limetandaza sakafuni ramani kubwa ya mtaa huo. Waliokuwa wakazi wameandika juu yake mahali zilipokuwa nyumba zao. Februari 2004 wazee wawili wa kwanza walikabidhiwa funguo za nyumba mpya na Nelson Mandela. Tangu hapo urejeshaji umekwenda kwa mwendo wa kinyonga, hata wadai wakaipeleka serikali mbele ya Mahakama ya Madai ya Ardhi. Baadhi yao wamefariki dunia kabla ya kurudi.

Vita vya leo ni vya bei

Hakuna tena sheria inayomzuia mtu kuishi anapotaka, lakini bei hufanya kazi inayofanana na hiyo. Kadiri nyumba inavyoukaribia mlima au bahari, ndivyo thamani yake inavyopanda. Huko Bo-Kaap, kupanda kwa thamani kumeongeza kodi ya majengo, mzigo mzito kwa familia zilizorithi nyumba bila kurithi fedha. Mwaka 2018 wakazi waliandamana na kuzuia njia kupinga ujenzi wa maghorofa. Mwaka uliofuata maeneo 19 ya mtaa huo yalitangazwa kuwa urithi wa taifa, hatua inayolinda majengo kuliko inavyowalinda wanaoishi ndani yake.

Kwa msafiri, kuna njia ya kuuona mji huu mzima. Kutoka juu ya Table Mountain huonekana kisiwa cha Robben, ambako Mandela alifungwa kwa miaka 18 kati ya 27 ya kifungo chake. Karibu na bandari huonekana paa za Bo-Kaap, na chini ya Devil's Peak viwanja vya District Six. Mbali zaidi, kuelekea mashariki, uwanda wa Cape Flats umeenea hadi macho yanapokoma, na huko ndiko wanakoishi wengi wa watu wanaoamka alfajiri kuja kuwahudumia wageni mjini.