Foleni ya Mwanza kwa Mtu Anayetoka Nansio

Mtu wa Nansio, kisiwani Ukerewe, akisema anakwenda Mwanza "mara moja", ameshaitoa siku nzima. Ataamka alfajiri awahi gatini, apange mstari dirishani, akae majini karibu saa 3, halafu akute jiji ambalo watu wake karibu wote wanataka kupita kwenye barabara tatu. Mchana huohuo inabidi ageuze, maana meli ya kurudi haimsubiri mtu aliyekwama Mkuyuni. Kazi yangu ni mipango ya usafirishaji, na naona watu wa visiwani wanaumizwa na foleni kuliko wenyeji wa mjini wanavyodhani. Mkazi wa Buzuruga akichelewa dakika 40 atagombezwa kazini. Wa Nansio akichelewa dakika hizohizo analala Mwanza, na pesa ya gesti hakuipanga.

Tuanze na umbo la mji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 594,834 Nyamagana na 509,687 Ilemela, wilaya mbili ambazo kwa pamoja ndizo tunazoziita Mwanza mjini. Upande mmoja kuna ziwa, pande nyingine kuna vilima vya mawe, na magari yamebakiziwa mabonde. Barabara ya Kenyatta inatoka Buhongwa, Nyegezi, Butimba, Mkuyuni na Igogo. Barabara ya Nyerere inatoka Kisesa, Igoma, Nyakato, Buzuruga na Mabatini. Ya tatu inatoka uwanja wa ndege, Pasiansi na Kirumba. Zote zinaishia palepale katikati ya mji, na njia za kuziunganisha huko pembeni ni chache. Wanaoishi juu ya mawe, ambako gari halifiki, wanateremka kwa miguu asubuhi na kujazana kwenye vituo vya barabara hizohizo. Likiharibika lori moja Mabatini, dereva hana kichochoro cha maana cha kukatiza. Atasubiri.

Lakini wembamba wa barabara peke yake hauelezi kwa nini leo umepita Igogo bila shida na kesho, saa ileile, umekaa hapo mpaka ukate tamaa. Jibu lake liko kwenye hesabu ya foleni, elimu iliyoanzia kwenye simu. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, Denmark, alichapisha kazi yake ya kwanza kuhusu namna simu zinavyoingia bila mpangilio. Hesabu zilizotokana na kazi hiyo ndizo tunazotumia mpaka leo kwenye benki, hospitali, bandari na barabara.

Chukua dirisha la tiketi lenye karani mmoja. Tuseme kwa wastani anamhudumia mtu kwa dakika 1: mmoja ana chenji kamili, mwingine anatafuta kitambulisho kwenye mkoba, wa tatu anauliza nauli ya mbuzi. Kwa saa anaweza kuwahudumia watu 60. Wakija 48 kwa saa, bila mpangilio, kila mmoja atasubiri kwa wastani kama dakika 4. Wakija 54, watasubiri dakika 9. Wakija 57, dakika 19. Tazama hatua ya mwisho: wameongezeka watu 3 tu, na muda wa kusubiri umezidi mara mbili. Wakifika 60 na kuendelea, mstari hauna tena urefu wake wa kawaida. Utarefuka mpaka watu waache kuja.

Barabara nayo inakwenda hivyohivyo. Mkuyuni ikiwa imejaa kiasi, gari chache za ziada hazionekani. Ikikaribia mwisho wa uwezo wake, gari hizohizo chache zinakaba mji mzima. Ndiyo maana shule zikifungwa Mwanza hupumua ghafla, ingawa magari yaliyopungua si mengi. Na ndiyo maana foleni haitabiriki: mji unaoishi karibu na kikomo chake hutikiswa na jambo dogo, iwe mvua ya nusu saa, msiba, au lori lililokata shafti.

Wakati mwingine hata jambo dogo halipo. Mwaka 2008 watafiti wa Japani wakiongozwa na Yuki Sugiyama walichapisha jaribio la magari 22 kwenye barabara ya duara yenye mzingo wa mita 230. Madereva waliambiwa waendeshe kwa mwendo mmoja, kama kilomita 30 kwa saa. Hapakuwa na taa, kivuko cha waenda kwa miguu wala ajali. Baada ya muda mfupi magari yakaanza kusimama, na msongamano ukawa unarudi nyuma kutoka gari hadi gari. Chanzo chake ni breki. Mmoja akikanyaga kidogo, wa nyuma anakanyaga zaidi, wa tatu anasimama kabisa. Fikiria sasa daladala inayoshusha abiria ikiwa nusu barabarani pale Mabatini. Konda kagonga bodi, gari limeondoka, lakini wimbi la breki linaendelea kupanda kuelekea Buzuruga. Ukifika mahali ilipoanzia unakuta barabara nyeupe na unajiuliza mlikuwa mnasubiri nini.

Daladala zenyewe zinastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndizo zinazoamua siku ya msafiri. Tuseme zinatoka Igoma kwa kupishana dakika 5. Ya kwanza inachelewa kidogo Nyakato. Katika dakika hizo abiria wameongezeka vituo vya mbele, kwa hiyo inakaa zaidi kila inaposimama na kuzidi kuchelewa. Ya pili inakuta vituo vitupu, haina wa kumpakia, inakimbia mpaka inaikuta ya kwanza. Zitaingia mjini zimefuatana, moja imejaa hadi mlangoni, nyingine ina viti. Aliyesimama kituoni anaona gari mbili kwa pamoja, kisha kimya cha dakika 15. Juu ya hapo weka hesabu ya tajiri. Dereva anayetakiwa kupeleka kiasi maalumu jioni hatatoka kituoni na gari nusu, na abiria wakipungua mbele atakata ruti na kuwashusha njiani. Sioni haki ya kumlaumu dereva peke yake. Mfumo unaomlipa kwa kujaza gari unamfanya ajaze gari. Dar es Salaam mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016, njia maalumu ndiyo iliyozungumzwa zaidi, lakini kwa maoni yangu gari kuondoka kwa saa yake badala ya kusubiri lijae lina uzito uleule.

Hapa sasa mtu wa Nansio ana nafuu ambayo wengi hawaioni. William Vickrey, mchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1996, alieleza katika makala yake ya mwaka 1969 kwamba foleni ya asubuhi inazaliwa na watu wengi kutaka kufika saa ileile. Barabara inaweza kuwapitisha wote. Haiwezi kuwapitisha wote kwa pamoja. Mwanza saa hiyo ni kabla ya saa 2 asubuhi. Anayeshuka na meli ya asubuhi anafika Bandari ya Kaskazini joto la foleni limeshapoa, na zaidi ya hapo anafikia katikati ya mji kwenyewe. Kama shughuli yake iko benki, ofisi za mkoa au hospitali ya Sekou Toure, gari la nini? Miguu inatosha. Hata Bugando, ambako wengi wetu tunapeleka wagonjwa wa rufaa, hakuko mbali na hapo, ingawa kwa mgonjwa kile kilima kinataka bajaji. Akienda Nyegezi au Igoma, atakuwa anatoka mjini wakati wengine walishaingia.

Anayepita nchi kavu hali yake ni tofauti. Atavuka Rugezi kwenda Kisorya, apite Bunda na Magu, kisha aingie Mwanza kupitia Kisesa na Igoma, mlango wenye msongamano mkubwa. Kama safari yake inaishia Nyegezi, au anaendelea Shinyanga, asiingie mjini kabisa. Barabara ya Kisesa hadi Usagara ilijengwa kwa ajili yake.

Tatizo kubwa ni kurudi. Makosa yanayowagharimu watu ni kupanga muda kwa wastani. Mtu anasema, "Buhongwa hadi mjini ni nusu saa." Ni kweli, kwa siku ya kawaida. Lakini ukipanga kwa wastani, zipo siku nyingi utakazochelewa, na kwa meli kuchelewa dakika 1 ni sawa na kuchelewa saa nzima. Panga kwa siku mbaya. Jikumbushe safari yako mbaya kuliko zote kwenye njia hiyo mwezi uliopita, na muda huo ndio uutumie. Maliza kwanza shughuli ya mbali, halafu zile za karibu na bandari ziache mwisho, ili ukichelewa uachane na kununua viatu badala ya kuachwa na meli. Pandia gari lilipoanzia, ama ugeuze nalo, maana katikati ya njia hujui lini litakuja lenye nafasi. Bodaboda inapenya, lakini nakuomba usiifanye mpango wa kwanza. Mtu anayeipanda kwa kuwa amebakiwa na dakika 10 ndiye anayemwambia dereva aongeze mwendo.

Ziwa nalo lina ratiba yake. Radi na mvua za Ziwa Victoria hupiga zaidi usiku na alfajiri, hasa miezi ya masika, kwa hiyo meli ya asubuhi ndiyo inayoweza kukawia. Ukiwa na miadi hospitali au kesi mahakamani, ondoka siku moja kabla. Gharama ya kulala ni ndogo kuliko kuanza rufaa upya.

Kuna jambo moja ambalo nchi kavu husamehe na maji hayasamehe. Barabarani foleni ikizidi, watu wanakaa. Wanakasirika, samaki wanaishiwa barafu, lakini wanafika. Gatini foleni ikizidi, watu wanaingia chomboni. Alhamisi ya 20 Septemba 2018 ilikuwa siku ya soko Bugolora. Kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kiliondoka kwenda kisiwa cha Ukara kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, pamoja na mizigo ya soko. Kilipinduka kikiwa mita chache kabla ya gati la Bwisya. Watu 228 walikufa, 41 wakaokolewa. Chombo kilichojazwa watu na mizigo juu ya sitaha kinabeba uzito wake juu. Wakisogea upande mmoja kushuka, kinakosa nguvu ya kujirudisha. Na kila mtu aliyekuwa pale alikuwa anafanya jambo la kawaida kabisa: kurudi nyumbani kutoka sokoni.

Kwa mtu wa taaluma yangu kinachouma zaidi ni kwamba siku ya soko inajulikana mwaka mzima. Ule msongamano haukuwa wa ghafla. Safari za ziada mchana ule zingewagawa abiria. Miaka 22 kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imezidisha watu, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Tulipoteza mamia ya watu, na mpaka leo hesabu yao inabishaniwa kwa sababu hiyo.

Mahali pengine kanda yetu imeonyesha kwamba foleni ya majini inaweza kuondolewa. Kigongo hadi Busisi, safari iliyokuwa ikila hadi saa 2 ukijumlisha kusubiri pantoni, sasa ni dakika chache juu ya daraja la kilomita 3 lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Nansio haitapata daraja la kwenda Mwanza. Inachoweza kupata, na kwa gharama ndogo, ni safari za ziada siku za soko na shule zinapofunguliwa, tiketi zinazouzwa kwa simu mapema ili watu wasirundikane dirishani asubuhi, na mauzo yanayofungwa pale idadi ya chombo inapotimia. TEMESA, wanaoendesha vivuko vya serikali, na kampuni za meli wana takwimu za abiria wao. TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, wana mamlaka ya kuzuia chombo kisiondoke. Wayatumie kabla mstari haujafika majini.

Na wewe msomaji unayevuka wiki hii, hakikisha jina lako limeandikwa kwenye orodha kabla hujapanda, hata kama unakwenda Ukara tu. Soma ubao unaoonyesha idadi ya abiria wanaoruhusiwa. Ukiona imezidi, shuka na watoto wako, usubiri chombo kinachofuata.