Bunduki Isipolia

Mwindaji akivuta mtambo na bunduki isilie, asiifungue upesi. Pengine baruti inawaka polepole. Risasi ikilipuka bolti i wazi, yaweza kumpofusha. Swala atakimbia, na akimbie! Mdomo wa bunduki uelekezwe pasipo mtu wala mifugo, angoje dakika nzima, ndipo aitoe risasi.

Kisha aitazame fataki kitakoni mwa risasi. Ikiwa imebonyea sana, kosa ni la risasi, huenda ililowa. Alama ikiwa ndogo, kosa ni la bunduki. Mara nyingi ni mafuta mazito yaliyoganda ndani ya bolti, hasa alfajiri ya baridi, maana wako wayapakao kwa wingi wakidhani ndiyo matunzo. Bolti ioshwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe, ipakwe mafuta mepesi kidogo tu. Springi ikiwa imelegea, au sindano ipigayo fataki imekatika, hiyo ni kazi ya fundi wa bunduki.