Sitara si kumficha mgonjwa: Njia ya tiba kwa kijana aliyetekwa na unga

  

Ijumaa moja, baada ya swala, mama mmoja alitusubiri nje ya msikiti mpaka watu walipotawanyika. Mwanawe alikuwa mwaka wa nne akitumia unga. Vyombo vya nyumbani vilikwisha kuuzwa, na majirani waliambiwa kijana yuko safarini, ilhali amefungiwa chumba cha uani. Mama huyu hakutuuliza habari za hospitali. Alitaka kombe na dua, tena kwa siri. Alisema: "Sheikh, nisitiri."

Neno hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya.

Sitara na kuficha

Ndugu Waislamu, sitara ni kutotangaza aibu ya mtu, kutomsimanga na kutomfanya mazungumzo ya barazani. Kumfungia mgonjwa asimwone tabibu si sitara, bali ni kumnyima haki yake. Mabedui walipomuuliza Mtume (SAW) kuhusu kujitibu, aliwaamuru watafute dawa. Dua na kisomo vina nafasi yake kubwa, lakini havikuja kuondoa amri hiyo.

Hatusemi kwamba kutumia unga si dhambi. Ulevi ni haramu, na aya ya 90 ya Suratul Maida haina utata. Lakini dhambi hutubiwa na maradhi hutibiwa, na mraibu anayahitaji yote mawili. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya sahaba aliyeletwa mara kadhaa kwa kosa la kunywa pombe. Mtu mmoja alipomlaani, Mtume (SAW) alimkataza, akashuhudia kwamba yule mlevi anampenda Allah na Mtume wake. Aliadhibiwa, lakini hakufukuzwa miongoni mwa Waislamu.

Hatari ya chumba cha uani

Mtumiaji wa heroini anapoikosa hupatwa na arosto: maumivu ya viungo, kutapika, kuharisha na kukosa usingizi. Baada ya wiki moja hivi makali yake hupungua, na familia hudhani amepona. Kumbe hamu bado ipo, na mwili umekwisha kupoteza uzoefu wake wa dawa. Akitoka akatumia kiasi kile kile cha zamani, anaweza kuacha kupumua na kufa. Ama mlevi wa pombe wa miaka mingi, kumkatisha ghafla bila tabibu kunaweza kumletea degedege na mauti. Basi kufuli si tiba.

Milango ya kubisha

Kliniki ya kwanza ya methadoni Tanzania Bara ilifunguliwa Muhimbili, Februari 2011. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoa mingine ikiwemo Dodoma, Mbeya na Mwanza. Unguja huduma hii ipo Kidongo Chekundu. Methadoni ni dawa ya kunywa ambayo mgonjwa huipata bila malipo, kwa kawaida kila siku mbele ya mhudumu. Inatibu uraibu wa heroini na dawa za jamii yake, si bangi, mirungi wala pombe. Hao wana ushauri nasaha na matibabu yao hospitalini.

Familia ianzie wapi? Ianzie hospitali ya wilaya, kitengo cha afya ya akili, au kwa ofisa ustawi wa jamii. Waulize ni asasi gani ya kijamii inayowahudumia waraibu katika eneo lao. Wahudumu wa asasi hizi, baadhi yao wakiwa wenyewe wamepona, huwafuata vijana maskani, huwapa nasaha, huwaandaa na kuwasindikiza hadi kliniki.

Mlango mwingine ni soba hausi, nyumba ambamo waraibu huishi pamoja kwa miezi kadhaa ili kujifunza kuishi bila kilevi. Mara nyingi gharama hubebwa na familia, kwa hiyo kabla ya kulipa ulizeni: Imesajiliwa, na mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya inaitambua? Akiugua atatibiwa na nani? Ndugu huruhusiwa kumtembelea? Akitoka, nani atamfuatilia? Mkiona minyororo na viboko, mtoeni mtu wenu.

Methadoni na funga

Wapo wanaosema methadoni ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Sivyo. Dozi iliyopimwa na tabibu haikusudiwi kumlevya mtu. Humwondolea arosto ili aweze kuswali, kufanya kazi na kulea wanawe. Ikifika Ramadhani, mgonjwa aulize kliniki kama anaweza kupewa dozi baada ya magharibi. Ikishindikana, basi ni mgonjwa mwenye ruhusa ya kula, na kuhusu kulipa siku zake amuulize mwanachuoni anayeijua hali yake. Asikatishe dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Wajibu wa msikiti

Wengi hukwama kwa jambo dogo sana: nauli ya kwenda kliniki kila siku. Sadaka ya jamaa wa msikiti inatosha kuiondoa kero hii, na mgonjwa aliye fakiri au maskini anastahiki zaka kama fakiri mwingine yeyote. Akija kuswali, tumpe nafasi katika safu, tusimwangalie mikono wala tusijikusanyie viatu vyetu.

Yule mama tulikwenda naye hospitali Jumatatu iliyofuata. Kijana alianza dozi, akarejea maskani, akapokewa tena kliniki bila kusimangwa. Kurudi nyuma kumo katika maradhi haya, wala si hoja ya kukata tamaa. Siku hizi jirani akiuliza, mama hujibu kwamba mwanawe yuko kwenye matibabu. Hiyo ndiyo sitara aliyoitaka.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, azipe subira familia zao na azilainishe nyoyo zetu kwao. Amin. Wabillahi tawfiq.