KUANZA KUNUNUA NA KUTUNZA PUNDA WA KAZI

Kazi ya mkulima wa pamba wa Kishapu, Msalala au Nyang'hwale haimaliziki siku anapochuma pamba yake. Hubaki safari ya kutoka shambani hadi ghala la chama cha msingi, nayo ndiyo inayomla nguvu na wakati. Mkulima mwenye kilo 800 za pamba akitumia punda mmoja wa kubeba mgongoni, kwa kilo 50 kila mara, atakwenda na kurudi mara 16. Punda wawili waliofungwa kwenye mkokoteni wa magurudumu ya mpira, wenye kuta ndefu, wataimaliza kazi hiyohiyo kwa safari mbili au tatu, barabara ikiwa kavu na tambarare. Na msimu wa pamba ukiisha, haohao watachota maji, watasomba kuni, mahindi na samadi, kazi ambazo katika nyumba nyingi za Usukuma humwangukia mama na watoto wa kike.

Kwa sababu hiyo si ajabu kwamba wanachama wengi hutamani kununua punda. Linalofaa kuelezwa ni kwamba kununua punda leo si jambo jepesi kama lilivyokuwa zamani, wakati mnyama huyu alipoonekana kila mnadani na bei yake ilikuwa ndogo mno kulinganishwa na ya ng'ombe. Biashara ya ngozi ya punda, ambayo huchemshwa huko China ili kupata gundi inayotumiwa kama dawa na iitwayo ejiao, ilifika hadi Shinyanga, na machinjio ya punda yakafunguliwa humu mkoani na pia Dodoma. Serikali ilisimamisha uchinjaji huo mwaka 2022, na mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kuzuia biashara ya ngozi ya punda barani kote kwa muda wa miaka 15. Hata hivyo amri haizalishi punda. Punda jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 12 hivi, huzaa mtoto mmoja tu, na mtoto huyo hapaswi kufanya kazi kabla ya kutimiza miaka mitatu. Kwa hiyo punda jike aliyechinjwa nafasi yake huchukua miaka minne au zaidi kuzibika, na mwanachama anayenunua bila uangalifu akapoteza mnyama wake asidhani atapata mwingine kwa urahisi.

Hatua ya kwanza kabla ya kutazama mnyama ni kumtazama muuzaji. Wakati wa biashara ya ngozi wizi wa punda ulikithiri, na punda asiye na mwenyewe anayejulikana anaweza kumletea mnunuzi kesi badala ya faida. Mnunuzi adai hati ya mauzo iliyoshuhudiwa na afisa mtendaji wa kijiji anakotoka mnyama, alinganishe chapa au hereni ya sikioni na hati hiyo, na apate kibali cha kusafirisha mifugo iwapo punda atavuka mpaka wa wilaya. Muuzaji anayesema hati itafuata baadaye aachwe na punda wake.

Baada ya hapo yatazamwe meno. Punda hung'oa meno ya utoto ya mbele kwa zamu: yale mawili ya katikati akiwa na umri wa miaka miwili na nusu, yanayofuata akiwa na mitatu na nusu, na ya pembeni akiwa na minne na nusu. Punda mwenye meno makubwa yote ya mbele ametimiza miaka mitano, naye ndiye afaaye kwa anayeanza. Mwenye miaka mitatu aweza kununuliwa ili afundishwe kwa mizigo myepesi, lakini asitwishwe mzigo kamili hadi afike minne, kwani mifupa ya mgongo huwa haijakomaa. Watu wengi hununua punda mchanga kwa kuvutiwa na bei, humtia kazini mara moja, na baada ya miaka miwili hubaki na mnyama mwenye mgongo uliobonyea. Ule urahisi wa bei umekwisha kulipwa.

Mnyama na atembezwe, mbele ya mnunuzi, juu ya ardhi ngumu. Anayechechemea, anayeburuta kwato au anayeinamisha kichwa kila anapokanyaga mguu mmoja asinunuliwe. Mkono upitishwe mgongoni, mabegani na kifuani kutafuta makovu na uvimbe. Nywele nyeupe zilizoota mahali pamoja juu ya mgongo wa punda wa kijivu si pambo, bali ni alama ya kidonda cha zamani cha mzigo, nacho huamka tena kwa urahisi. Macho yawe makavu na maangavu, masikio yacheze, na mnyama ale anapopewa majani.

Wanunuliwe wawili, si mmoja. Hili halisemwi kwa ajili ya mkokoteni peke yake. Punda hushikamana na mwenzake, na aliyetengwa ghafla huweza kukataa chakula, hulia mchana kutwa, au hukata kamba na kurudi alikotoka. Ikiwezekana wanunuliwe wawili waliozoeana tayari. Kuhusu jinsia, dume lililohasiwa ndilo tulivu kuliko wote, na dume lisilohasiwa halifai kwa mtu asiye na uzoefu. Lakini chama kinachofikiri miaka kumi mbele kitashauri wanachama wake wawe na jike angalau mmoja katika kila jozi. Jike huyo apumzishwe kazi ngumu katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba na kwa miezi mitatu hivi baada ya kuzaa, na mwenyewe aitie hasara hiyo ya kazi katika hesabu tangu mwanzo.

Husemwa kwamba asante ya punda ni mateke. Wazee walioitunga methali hiyo walikuwa na sababu zao, lakini waliowafuga punda kwa muda mrefu wanajua kwamba mnyama huyu huanza kupiga mateke baada ya kupigwa yeye. Punda anapoogopa hakimbii kama farasi, husimama. Asili yake ni nchi kavu za kaskazini mashariki mwa Afrika, ambako miaka ipatayo 7,000 iliyopita watu walianza kumfuga, na katika nchi ya mawe na makorongo kusimama na kutafakari ni usalama kuliko kukurupuka. Dereva asiyejua hili humwita mkaidi na kumtandika fimbo. Anayejua hushuka, hutazama kilichomtisha mnyama, humwongoza kwa kamba hatua chache, kisha safari huendelea. Mafunzo ya mkokoteni yachukue wiki nne hadi sita, kwa vipindi vifupi vya asubuhi: kwanza kuongozwa kwa kamba, kisha kuvaa mikanda bila mzigo, kisha kukokota gogo dogo, ndipo mkokoteni mtupu. Punda mgeni afungwe pamoja na mzoefu.

Jambo linaloharibu punda wengi kuliko yote katika mikoa ya Shinyanga na Geita ni matandiko mabaya, na hapa makatibu wa vyama wanaombwa wawe wakali. Wasukuma wamezoea ng'ombe wa kulimia, na nira ya ng'ombe ni kifaa kizuri kwa ng'ombe, kwa sababu ng'ombe ana nundu na shingo nene ya kusukumia. Punda hana nundu. Shingo yake ni nyembamba, nayo mifupa ya mabega iko karibu na ngozi. Nira akiwekewa yeye humchimba hadi nyama nyekundu. Nguvu ya punda iko kifuani. Avalishwe mkanda mpana wa kifua, usiopungua upana wa kiganja, ukae chini ya koromeo na juu ya kiungo cha bega, ili usimzuie kupumua wala kutembea. Mkanda mwingine mwembamba upite juu ya shingo kuushikilia wa kwanza usishuke. Na kwa kuwa mkokoteni wenye mzigo humsukuma mnyama unapoteremka, kuwe na mkanda wa nyuma ya mapaja wa kumsaidia kuuzuia. Mkokoteni usio na mkanda huo wala breki humgonga punda miguuni kila mteremko.

Vifaa si lazima viwe vya fedha nyingi. Turubai kuukuu lililokunjwa mara kadhaa, au gunia la katani lililoshonewa kitambaa cha pamba upande wa ndani, hutengeneza mkanda mzuri. Kamba ya nailoni na vipande vya mpira wa gurudumu visiguse ngozi kamwe, kwani jasho likichanganyika na vumbi chini yake hukata kama msumeno. Mikanda isafishwe na kukaushwa kila jioni. Anayebebesha mzigo mgongoni aweke tandiko lenye mito miwili, mmoja kila upande, ili uti wa mgongo wenyewe ubaki wazi bila kuguswa. Punda wetu wa kienyeji aghalabu ana uzito wa kilo 110 hadi 150, na mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito huo.

Chakula hakina shida kubwa, na hiyo ni sifa moja ya mnyama huyu. Hula nyasi kavu, mabua ya mtama na ya mahindi, na chumvi kidogo. Lakini anahitaji muda mrefu wa kula, na punda anayefanya kazi tangu alfajiri hadi usiku kisha akafungwa kwenye mti hadi kesho atakonda hata mwaka wa mvua nzuri. Saa sita za kazi kwa siku zatosha. Katika kiangazi cha Shinyanga wenye ngitili wana nafasi kubwa kuliko wengine. Desturi hii ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho ya akiba ilihuishwa sana na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulioanza mwaka 1986, na vijiji vilivyotunza ngitili zao vitambue kwamba nyasi za akiba ni za punda vilevile, si za ng'ombe tu. Maji yawe lita 15 hadi 25 kwa siku, zaidi wakati wa joto. Ni aibu kwamba mara nyingi punda anayeletea nyumba nzima maji ndiye hunyweshwa mwisho.

Kwa wanachama wa Geita, Kahama na kote kwenye machimbo madogo ya dhahabu, liko onyo la pekee. Punda asinyweshwe kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu wala asiachwe kuchunga karibu na marudio. Maji ya mahali hapo huweza kuwa na zebaki, na mabwawa ya kuchenjulia kwa sayanaidi huua mnyama kwa muda mfupi baada ya kunywa. Mashimo yaliyoachwa wazi nayo ni hatari kwa mnyama anayechunga usiku. Aidha, katika misitu ya miombo ya upande wa magharibi kuna ndorobo, na punda huugua nagana kama ng'ombe. Anayekonda huku akila vizuri apimwe damu na afisa mifugo.

Ugonjwa wa pepopunda umebeba jina la mnyama huyu kwa haki, maana punda huupata kwa urahisi kutokana na kidonda kidogo cha msumari au cha mkanda. Iko chanjo, na daktari wa mifugo aulizwe. Kwato zisafishwe kila siku, hasa wakati wa masika udongo mweusi wa mbuga unapoganda chini yake, na zikatwe kila baada ya wiki sita hadi nane. Mwenye josho asimpitishe punda pamoja na ng'ombe bila kusoma lebo ya dawa: dawa za kupe zenye amitrazi, zinazotumiwa sana kwa ng'ombe, huweza kuzuia matumbo ya punda yasifanye kazi na kumwua. Na punda akikataa kula kwa siku nzima asingojewe apone mwenyewe. Mnyama huyu huvumilia maumivu kimya, hivyo dalili ikionekana ugonjwa umekwenda mbali.

Linabaki suala la nani awe mwenye mali. Punda wa chama kizima hukopwa na kila mtu na hakuna anayemnywesha. Njia iliyo salama zaidi ni chama kutoa mkopo kwa majirani wawili wawili, kila mmoja awe na punda wake na mkokoteni uwe wa shirika, na kamati ikubali kwanza nira isitumike. Katibu afungue ukurasa kwa kila mnyama: tarehe ya kununuliwa, jina la muuzaji na kijiji, namba ya hati, alama za mwili, umri kwa meno, chanjo, na siku alizokodishwa. Ukurasa huo husaidia punda anapoibwa, na husaidia zaidi siku ya marejesho ya mkopo.

Kwa kuwa ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, jozi inayotakiwa kusomba mavuno ya msimu huo inunuliwe kabla ya mwisho wa Februari. Mwezi mmoja ni wa kuwazoesha mahali na watu, na unaofuata ni wa mafunzo. Fundi wa mkokoteni apewe kazi mapema zaidi, Desemba au Januari, maana ekseli kuukuu za gari hazipatikani siku mtu anayozihitaji.